Chapa ya Ngamia kwenye Pampu

Zamani zile, ukiwa Garissa na unataka spea mpya ya gari, hukwenda dukani. Ulikwenda redioni. Nyuma ya duka moja la nguo karibu na soko kulikuwa na chumba kidogo chenye redio ya mawasiliano, betri ya lori, na mwenye redio, bwana mnene aliyekunywa chai tangu asubuhi hadi alipofunga. Kupitia kwake ulizungumza na Nairobi, Wajir, Mandera, hata Kutulo. Unabonyeza kitufe, unasema, unamaliza kwa neno “ova”, kisha unaachia kitufe ili mwenzako ajibu. Kila aliyekuwa kwenye masafa yale alikusikia. Posa, talaka na bei ya sukari, vyote vilipita hapo. Mwaka mmoja wa ukame, katikati ya miaka ya tisini, ikapita pampu yangu.

Nilikuwa na pikapu ya dizeli, na kazi yake kubwa msimu ule ilikuwa kumpelekea dada yangu maji. Dada yangu alikuwa mjane. Alikuwa na mbuzi wake ndani kabisa ya nyika, upande wa Balambala, mbali na mto. Malisho yalikuwepo huko, ila maji hayakuwepo. Mtoni maji yalikuwepo, lakini ukanda wa mto ulikuwa umeliwa ukabaki vumbi, na mbuzi wakiingia shamba la mtu ni ugomvi. Kwa hiyo tulikubaliana. Yeye akae kwenye malisho, mimi nilete maji kwa mapipa. Mbuzi wale ndio waliokuwa maisha yake. Hakuwa na kitu kingine.

Pampu ya maji ya injini ilikufa njiani nikirudi. Gari lilichemka, nikavutwa na lori hadi mjini. Fundi wangu, Mkamba aliyeishi Garissa miaka mingi hata akawa anatania watu kwa Kisomali, aliifungua akanionyesha jinsi beringi ilivyolegea.

“Iko moja huku nyuma,” akasema, “nimeitoa kwenye gari lililopinduka. Imetumika, lakini bado nzima. Nikufungie, uende zako.”

“Sitaki ya gari la ajali,” nikasema. “Nataka mpya. Nataka ya waranti.”

Nilisoma hadi kidato cha nne, na wakati ule nilijivunia jambo hilo kuliko inavyofaa. Waranti kwangu lilikuwa neno la watu wenye utaratibu. Nikaenda redioni, nikaita duka moja la spea Nairobi. Karani akanijibu kwa sauti ya upole kwamba pampu ipo, mpya, ndani ya boksi, na ina waranti ya miezi sita. Ikiharibika, nairudisha, napewa nyingine. Pampu ikaja kwa basi.

Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho wakati ule sikukiona hata kidogo kuwa kosa. Jirani yangu alikuwa amepeleka gari gereji na spea mpya, akarudishiwa gari likiwa na spea kuukuu iliyosuguliwa ikang’aa. Mimi sikutaka yanipate hayo. Na kwetu mnyama akiingia boma la mtu hapewi nafasi ya kupotea, anatiwa chapa. Kabla ya kuipeleka pampu gereji niliiweka juu ya jiwe uani, nikachukua patasi na nyundo, nikachora ubavuni mwake chapa ya ngamia wa baba yangu, mistari miwili na ndoano. Niliigonga kwa nguvu ili isisuguliwe ikafutika.

Fundi alipoiona alicheka hadi akaweka spana chini. “Mzee, hii itazaa lini?”

“Funga pampu,” nikamwambia.

Alifunga. Nikajaza mapipa, nikaenda kwa dada. Alinipokea kwa maziwa, mbuzi wakalizunguka gari kabla sijazima injini. Tulipokaa chini akaniambia alikuwa anafikiria kuhama. Wanawake wa maboma ya jirani walikuwa wamekwisha kuelekea mtoni.

“Mbuzi bado wana nguvu za kutembea,” akasema. “Nikingoja sana watakosa. Wewe unaonaje, walaal, ndugu yangu?”

Nikajibu kwa kiburi cha mtu mwenye boksi jipya. “Usihame. Gari sasa lina pampu mpya. Hata ikiharibika, ina waranti. Kaa hapa hapa.”

Akakaa. Alikaa kwa neno langu.

Safari iliyofuata sikufika hata nusu ya njia. Maji yalianza kuchuruzika chini ya injini, kisha ikaja sauti ya chuma kusaga chuma. Nikarudi mjini taratibu, nikisimama kila mara kujaza rejeta kwa maji ya mbuzi wa dada yangu. Fundi akaifungua pampu, akaigeuza mkononi.

“Sili ya kuzuia maji imeachia, beringi imeachia,” akasema. “Ile yangu bado iko pale nyuma.”

“Iache hapo. Hii ina waranti.”

Nikaipakia kwenye basi la Nairobi pamoja na kadi yake ya waranti, nikasubiri jibu. Ilibidi niingoje redio, nipange foleni, mwenye redio amalize chai, kisha niambiwe karani ameenda kula. Siku nyingine karani yupo, mawimbi hayashikiki. Siku nyingine yeye ananisikia mimi simsikii. Mwishowe nikampata.

“Mzee, pampu tumeipokea. Lakini hatuwezi kuibadilisha. Imetiwa alama kwenye bodi. Ova.”

“Alama ile ni yangu! Ni ya kuonyesha ni mali yangu! Ova.”

“Ndiyo hivyo, mzee. Waranti inataka pampu irudi kama ilivyotoka kiwandani. Wewe umepiga patasi. Bosi anasema ni patasi iliyoua beringi. Ova.”

“Huyo bosi wako alikuwepo? Ile ni chapa ya ngamia wa baba yangu, wallahi, na hakuna ngamia aliyekufa kwa kutiwa chapa! Ova!”

Kabla karani hajajibu, sauti nyingine ikaingia kutoka Wajir. “Adeer, ami yangu, huyo ngamia wako anavuja upande gani? Ova.” Mwingine, sijui wa wapi, akadakia, “Mpe chumvi, adeer, atapona!” Chumba kizima kikacheka. Mwenye redio alimwaga chai kwenye shati lake.

Ningetoka pale nikaenda moja kwa moja gereji, nikafungiwa pampu ya gari la ajali, nikajaza mapipa, haya yote yangekuwa kichekesho tu. Lakini nilikuwa nimechekwa kuanzia Nairobi hadi mpakani, na sasa shida haikuwa maji tena. Shida ilikuwa haki yangu. Kila asubuhi nilirudi redioni. Nilimwomba karani, nikamtisha, nikamwomba tena. Nilimwambia aniletee bosi kwenye redio, bosi hakuja. Fundi alipoona napita alinyoosha kidole nyuma ya gereji, nami nikageuza uso.

Siku moja nilipokuwa kwenye foleni, ujumbe ulikuja kutoka Balambala. Mtu wa huko alikuwa ametumwa na dada yangu. “Dada anauliza maji. Anasema, akae au ahame? Ova.”

Nilichukua kipaza sauti mimi mwenyewe. “Mwambie akae. Natafuta pampu. Naja karibuni, inshallah. Ova.”

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi kuliko dua zangu nyingine. Nililitaja jina la Mungu juu ya jambo ambalo nilikuwa nalikwamisha mimi mwenyewe.

Kisha nikapanda basi kwenda Nairobi. Dukani nikamkuta karani yule wa sauti ya upole, mwembamba, amechoka. Pampu yangu ilikuwa kwenye rafu nyuma yake, chapa ya baba yangu imeelekea ukutani.

“Mzee, inawezekana kweli si patasi,” akaniambia kwa sauti ya chini. “Pengine ilikuja mbovu. Lakini mimi nitajuaje? Na bosi atajuaje?”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo hakuna kitu, mzee.”

Hata mimi sikujua. Sijui hadi leo. Zile nyundo nilizopiga uani, huenda moja ilifika kwenye beringi. Nilirudi Garissa pampu ikiwa mapajani, imefungwa kwa gazeti. Askari wa kizuizi cha darajani aliifungua akaitazama.

“Na hii ni nini?”

“Pampu.”

“Mbona imeandikwa?”

Nilinyoosha mikono niipokee. Akanirudishia.

Fundi alinifungia ile ya gari la ajali siku hiyo hiyo kabla ya adhuhuri. Hakunitania, na hilo liliniuma kuliko utani wake wote. Nilijaza mapipa, nikaenda. Injini haikuchemka, na haikuchemka tena hadi nilipoliuza gari lile.

Bomani kwa dada sikukuta mtu. Nyumba ya mikeka ilikuwa imefumuliwa, yamebaki mashimo ya miti na majivu. Nyayo za mbuzi zilielekea mtoni, nikazifuata kwa gari. Mbuzi wa kwanza niliyemkuta amekufa alikuwa chini ya kichaka, kama aliyelala. Baada yake waliendelea, mmoja hapa, wawili pale. Wengine nilizijua rangi zao.

Nilimkuta dada yangu ukingoni mwa mto, pamoja na mbuzi wachache waliobaki. Walikuwa wamekunywa maji, lakini hawakuweza kusimama. Aliyatazama mapipa yangu yaliyojaa, kisha akaniangalia.

“Wamekupa?” akauliza.

“Hawakunipa.”

“Na hii inayotembea ni ipi?”

“Ni ya zamani. Ilikuwa kwa fundi.”

“Tangu lini?”

“Tangu mwanzo, abaayo, dada yangu.”

Alitingisha kichwa polepole. Hakupiga kelele. “Mimi sikukuomba pampu,” akasema. “Nilikuuliza nikae au nihame. Ungesema tu hama. Miguu nilikuwa nayo, na wao walikuwa nayo.”

Kisha akasema mbuzi wale hawatafika popote kwa miguu, tuwapeleke mjini wakauzwe kabla hawajafa. Gari halikuwa na nafasi. Nikapanda nyuma, nikafungua pipa la kwanza, nikalilaza. Maji niliyoyachota mtoni Garissa yakamwagika ukingoni mwa mto ule ule, yakatengeneza kijito chekundu hadi chini. Nikalilaza la pili. Dada yangu alisimama na mbuzi mmoja mikononi, akiningoja nimalize.