Nilimkunja Dada Yangu Ili Mchoro Upendeze

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, mwaka juzi, tulimzika mama yetu, na siku hiyohiyo nikampoteza dada yangu ambaye yuko hai. Mama alichukuliwa na ugonjwa. Dada nilimpoteza mwenyewe, kwa kidole kimoja, nimekaa kwenye kiti.

Nimekosa. Naanza hapo, maana nimesoma maungamo ya wengine humu, wanazunguka weee kabla ya kukubali, na huwa nawadharau.

Jina langu silitaji. Dada nitamwita Yudita, ingawa silo jina lake. Mimi nimeishia kidato cha nne na nina duka dogo la kuchapa na kutoa kopi hapa Makole.

Kuna mwanafunzi wa chuo kikuu kule Chimwaga aliyekuwa akileta utafiti wake nimchapie. Siku moja akaniwekea programu kwenye kompyuta ya dukani. "Mama, hii ndiyo inafikiri," akaniambia. "Wewe tupia tu mawazo, yenyewe inapanga."

Programu ya kupanga mawazo, jamani! Unaweka kiboksi katikati, kwenye kiboksi yanachipuka matawi, kwenye matawi vinachipuka viboksi vingine. Kuna sehemu ya kuhifadhi utafiti, sehemu ya michoro, sehemu ya kuandika. Na kuna kitufe: ukikibofya, viboksi vyote vinageuka maandishi yaliyonyooka, aya kwa aya, kama ya mtu aliyekaa akafikiri kweli.

Niliipenda kipumbavu. Nilichora mchoro wa kupanua duka, na duka halijaongezeka hata tofali moja. Nilichora mchoro wa kufuga kuku, nikawapa kuku rangi ya njano. Kuku wenyewe sijawahi kununua hata mmoja.

Mume wangu akipita dukani alikuwa akichungulia. "Mama Neema, leo unapanga nini?"

"Napanga mapishi ya wiki nzima."

"Basi kibofye hicho kitufe tule."

Nilimwona mshamba! Yeye, anayebeba kila kitu kichwani na hajawahi kusahau siku ya ada ya mtoto.

Sasa nisikilizeni kuhusu Yudita. Ndiye mtoto wa kwanza wa mama. Alizaliwa kabla mama hajaolewa na marehemu baba yetu, kisha tukafuata sisi watano. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kusema huyu ni nusu. Sisi sote alitubeba mgongoni. Ameolewa Chemba, na mama alipolala kitandani, yeye aliacha alizeti yake shambani akaja kijijini kukaa naye. Sisi wa mjini tulituma sukari na salamu. Yeye alimgeuza, alimwogesha, alimlisha uji wa uwele kwa kijiko mpaka siku ya mwisho.

Mama alipofariki, kaka yetu, aliyeajiriwa katika ofisi moja hapa mjini, akasema mbele ya wote, "Wasifu wa marehemu aandike huyu. Ndiye mwenye kompyuta."

Mnajua uzito wa wasifu. Ndio unaosomwa mbele ya jeneza, na majina yaliyomo ndiyo yanayoitwa kuweka udongo kaburini.

Nikaondoka msibani kwenda dukani. Wenzangu wamekaa kwenye mikeka wanalia, mimi nimejifungia na programu yangu. Mtu yeyote mwenye akili angechukua karatasi, akaandika: mama alizaliwa mahali fulani, aliwazaa hawa na hawa. Mimi nikaona hiyo ni kazi ya washamba. Nikaamua kuchora mchoro wa ukoo, uwe nyuma ya wasifu, na wasifu wenyewe utoke kwa kile kitufe.

Nikamweka mama na baba katikati. Chini yao watoto watano, tumepangika kama vikombe kabatini. Nikaongeza Yudita. Yeye tawi lake lilitoka kwa mama peke yake, likaenda pembeni, likasukuma wote. Jina la baba likateremka kwenye kona. Nikamsogeza Yudita juu, mchoro ukazidi kupinda.

Kwenye kila tawi kuna alama ndogo. Ukiibofya, tawi linajikunja na halionekani tena. Nikabofya. Yudita, mumewe, watoto wake, wote wakaingia ndani ya kidoti. Mchoro ukakaa sawa.

Nikasema kwa sauti, peke yangu, mama yangu yuko mochwari: "Sasa umependeza!"

Aibu iliyoje!

Nikabofya kitufe. Kilichokunjwa hakiandikwi. Wasifu ukatoka unasema marehemu ameacha watoto watano.

Hapa watu hunionea huruma, wanadhani nilisahau. Sikusahau. Kopi ya kwanza ilipotoka kwenye mashine, wino wa rangi, picha ya mama juu, niliona kosa palepale. Nilisimama na karatasi mkononi. Kulifungua lile tawi na kuchapa upya ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini nikawaza wageni wa ofisini kwa kaka watakavyoona mchoro umepinda. Nikajiambia, nitamnong'oneza mwendesha ratiba amtaje kwa mdomo.

Sikumnong'oneza. Nilikuwa nagawa karatasi chini ya turubai na kupokea sifa. "Dada, umetisha! Wakubwa wenyewe hawazikwi na karatasi kama hii!" Sifa, msibani kwa mama yangu! Nami nikaitika ahsante.

Wakati wa udongo ukafika. Mwendesha ratiba akafunua ile karatasi. "Tunaomba watoto wa marehemu, tukianza na mtoto wa kwanza."

Yudita akaanza kunyanyuka. Alikuwa karibu kabisa na kaburi, kanga imelowa machozi. Ndipo likaitwa jina la kaka yangu.

Dada alibaki amejiinamisha vile, hajasimama wala hajakaa. Likaitwa jina la pili. Akakaa chini, akajifunika kanga usoni. Tukaitwa watano, tukaweka udongo watano, na mimi wa mwisho nilipita mbele ya magoti yake.

Tuliporudi nyumbani, mama mmoja anayefanya kazi na kaka akanivuta pembeni. "Yule dada wa kazi mlimpata wapi? Analia kama ndugu kabisa!"

Nikamjibu, "Ni wa nyumbani."

Basi. Hilo tu. Hata hapo nilishindwa kusema ni dada yangu, maana angeniuliza mbona hayumo kwenye karatasi.

Jioni wajomba wakauliza. Nikasema kompyuta imekula jina. Wakaamini! Kaka akatikisa kichwa, "Hizi mashine nazo." Shangazi akasema ni mashetani. Wazee waliojua kuhesabu ng'ombe wa boma zima kwa macho tu, walikubali kwamba chuma kimemla binti yao.

Yudita alinitazama. "Imekula la kwangu tu?"

Akafunga mzigo wake akaondoka kabla hatujaanua tanga. Mtoto wa kwanza wa marehemu!

Simu zangu hapokei. Habari zake nilizipata kwa shemeji, mumewe, baada ya kumsumbua sana. Karatasi yangu ilifika Chemba, na mama mkwe wake akasomewa. Tangu hapo akikosana naye hata kwa chumvi, humwambia, "Wewe kwenu wenyewe hawakujui."

Ndicho nilichompa dada yangu kwa kunibeba mgongoni.

Ile programu nimeifuta, lakini wanaoisifu bado wananijia dukani na kompyuta zao begani. Mmoja ana matawi ya rangi saba ya kitabu ambacho hajaandika mstari. Mwingine amechora mshale kutoka "ndoto" kwenda "mafanikio". Mshale! Mtu hana alichofikiri, anatafuta pa kukipanga. Ni kabati la mtu asiye na nguo. Na wa kwanza wao ni mimi, kwa hiyo msidhani najitoa.

Lakini nisiisingizie tena programu. Haikumchukia dada yangu. Haikumjua kabisa, na mimi nilimjua. Wewe unayepewa kuandika wasifu wa marehemu wenu, kaa kwenye mkeka na ndugu zako, uliza, andika kwa mkono, soma kwa sauti kila mtu asikie jina lake. Karatasi ikitoka mbaya, iache mbaya. Na ukishakosea, usiseme mashine. Sema ni wewe, siku hiyohiyo, kabla ya udongo kukauka.

Mimi nilichelewa. Mwaka huu baada ya mavuno ndipo nilipokwenda Chemba. Nilimkuta Yudita uani anapura alizeti kwa fimbo, watoto wake wanapepeta. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mashine?"

"Ndiye mimi."

"Na wewe haikukula njiani?"

Watoto wakacheka. Yudita hakucheka, wala fimbo hakuisimamisha.

Sikukaa. Nikasema nikiwa nimesimama, wote wasikie: "Mashine haikula kitu. Jina la dada nililiondoa mimi, kwa mkono wangu, kwa sababu lilikuwa linaharibu uzuri wa karatasi. Huyu ndiye mtoto wa kwanza wa mama yangu. Ndiye aliyemwogesha akiwa mgonjwa, sisi hatukuwepo. Wajomba niliwadanganya, na nimeshawaambia ukweli kabla ya kuja hapa."

Fimbo ikanyamaza.

"Uzuri wa karatasi," mama mkwe akasema, akatema mate pembeni. Kisha akamgeukia Yudita, na sauti yake haikuwa ileile. "Mama, mpe mgeni maji."

"Mtungi uko ndani," Yudita akasema. "Achote mwenyewe."

Nikaingia nikachota. Nikanywa nimesimama palepale penye giza, na huko uani nikasikia ameanza tena kupura.