Hotipoti ya Sauti ya Kwanza

Sikupika. Nianze hapo, maana kwaya nzima ilijua kabla yangu kwamba kosa lilikuwa langu. Kwaya yetu ya Tunduma ilialikwa Mbamba Bay, na safari ilikuwa ya basi la kukodi hadi Kyela, kisha meli ya Ziwa Nyasa. Ilikuwa miaka ya tisini, nimeolewa mwaka wa pili na mwalimu wa kwaya. Kila mwanamke aliambiwa abebe chakula cha mchana cha siku ya kupanda meli, chake na cha mumewe. Mimi nikasema meli ina hoteli, sasa nibebe masufuria ya nini?

Usidhani ni uvivu. Sisi tuliokulia mpakani tumezoea kwamba wali unanunuliwa saa yoyote, mradi malori yako foleni. Lakini nikisema ukweli wote, sikupika kwa sababu ya mwimbaji mmoja wa sauti ya kwanza. Alikuwa binti wa milima ya Ileje, na mume wangu aliwahi kutaka kumposa kabla hajaniona mimi. Ndizi zake kwa kuku zilisifiwa kanisani kuliko mahubiri. Sikutaka hotipoti yangu iwekwe karibu na yake watu wakalinganisha. Nilipanga mume wangu ale mezani, kwa kisu na uma, na yule mwanamke aone.

Tulipanda meli saa nne, nayo ilikuwa iondoke saa saba. Ilipofika saa sita wanawake wakatandika kanga pale chini, daraja la tatu, wakafunua vyombo. Katika safari za kwaya yetu mume hula kwenye kanga ya mkewe. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini anayekula kwingine husemwa mpaka Krismasi. Mume wangu alikuwa bado anapanga ngoma na magitaa. Nikamwambia anisubiri, naenda kuagiza.

Nikapanda ngazi hadi kwenye hoteli ya meli. Dirisha lilikuwa limefungwa. Nikagonga, mpishi akatoa kichwa, akaniambia jiko huwashwa meli ikishang'oa nanga, na kwa mizigo ya siku ile pengine ingekuwa saa kumi. Nikanywea. Nikashuka mbio hadi gatini, nikamkuta mama mmoja anakaanga samaki. Walikuwa wamebaki wawili, wakubwa, wamekaangika vizuri hadi mkia. Nikamwambia anifungie wote.

Nikafungua pochi na kumpa noti. Akaigeuzageuza, akauliza ni hela ya wapi. Ilikuwa kwacha. Siku moja kabla ya safari niliwauzia mchele wateja wangu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na kwetu kwacha inanunua mpaka sindano, kwa hiyo sikukumbuka kuibadilisha. Pochi nzima ilikuwa kwacha tupu.

"Ingekuwa ya Malawi tungeongea," mama akasema. "Hii ya Zambia irudishe Zambia."

Shilingi alikuwa nazo mume wangu. Ningeweza kupanda kumwomba, lakini angeniuliza mbele ya watu, na yule angesikia. Nikabaki nimesimama pale mpaka makuli wawili wakaja wakawanunua samaki wangu.

Niliporudi melini, mume wangu alikuwa ameketi kwenye kanga ya yule mwanamke, mkono umeshaingia kwenye ndizi. Nilitamani hotipoti ile itumbukie ziwani, na kama ni lazima, mwenyewe aifuate. Nikamuuliza mume wangu, kwa upole wa uongo, kama alishindwa kunisubiri. Mdomo wake ulikuwa umejaa. Yule mwanamke ndiye aliyejibu, huku akinisogezea bakuli lililofunikwa kwa sahani.

"Kaa ule, dada. Mwalimu alinipitia juzi, akasema hutapika. Akaniomba nipike ya watu watatu."

Juzi. Siku hiyo nilishinda nyumbani nikiisifia hoteli ya meli, naye akiniitikia kwa kichwa kwamba sawa, mke wangu, sawa. Kumbe alikuwa ameshanijua, na alijua pia aende kwa nani.

Ningekataa, lakini njaa ilikuwa inauma na kwaya nzima ilikuwa inanitazama. Nikakaa kwenye kanga yake, nikanawa maji yake, nikala.

Sasa tuna wajukuu, na mume wangu nilishamsamehe zamani kwa kwenda kuomba chakula kule. Yule wa sauti ya kwanza sijamsamehe mpaka leo, maana ndizi zile zilikuwa tamu, na mbele ya kwaya nzima niliomba kuongezewa.