Maji ya Mtoto kwenye Mguu wa Nguzo

Wiki jana jirani wa nyumba ya pili alinikuta nikimwaga maji niliyomwogeshea mtoto kwenye mguu wa nguzo, akashika kiuno. "Dada, Voi hii watu wanapigania maji, wewe unanywesha chuma?"

Nikamweleza upesi upesi: hili ghala waliloligawa vyumba limeshikiliwa na chuma kitupu, na fundi aliyefunga waya wa shaba kutoka nguzo hadi fimbo ya ardhini aliniambia, "Chuma kitateremsha radi, ila udongo mkavu hauipokei vizuri. Ulowanishe." Baba mtoto yuko kazini Mombasa, tuko wawili tu, ningefanyaje?

"Haya, mnyweshe huyo mumeo wa chuma," akasema, akaenda zake akicheka.

Jumamosi mawingu yakashuka kutoka vilima vya Sagalla, ngurumo ikatikisa mabati. Mlango ukagongwa. Alikuwa yule jirani na wanawe, kioo chake mkononi kakifunika kanga, maana kwetu kioo huita radi.

"Nguzo imekunywa leo?"

"Imekunywa."

Wakajaa kitandani kwangu, nikateleka chai, tukaongea mpaka nikasahau kuhesabu ngurumo. Wasomaji, mimi ninayeogopa radi kuliko nyoka, niliposikia mvua inapungua juu ya mabati nikaomba isikatike.