Hedifoni Alizotengeneza Mkwe

Mume wangu hakuweza kukiacha kitu kikiwa kizima. Ukinunua tochi leo, kesho utaikuta mezani imefunguliwa matumbo, na yeye ameiinamia na bisibisi mdomoni. Ndiyo iliyokuwa kazi yake mjini Migori miaka ile ya mwanzo ya uhuru: alitengeneza redio kwenye chumba cha mbele, nasi tuliishi chumba cha nyuma. Yeye alikuwa Mkuria wa Ntimaru, mimi Mjaluo wa ufuoni, upande wa Homa Bay. Kila mmoja alikuwa ameshindwa kabisa na lugha ya mwenzake, basi tulipendana kwa Kiswahili na kugombana kwa Kiswahili.

Siku moja mteja wake mmoja, askari wa zamani aliyekuwa mtu wa simu za jeshi huko Burma, alimwachia hedifoni alizorudi nazo kutoka vitani. Zilikuwa vikombe viwili vyeusi, vigumu, vimeunganishwa kwa utepe wa chuma uliobana kichwa utadhani una deni nacho. Mume wangu akazifunga kwenye redio yetu ya betri kavu, akaja kunivalisha jioni nikiwa namenya viazi.

Nilidondosha kisu. Kwaya ilikuwa ikiimba, na haikuwa pale mezani ilipokuwa siku zote. Ilikuwa ndani ya kichwa changu, watu wazima wamesimama humo, wanavuta pumzi. Pumzi zile ndizo zilizonimaliza. Nilikuwa nimesikia kwaya tangu kuzaliwa, na sikuwahi kujua kwamba kabla ya neno la kwanza watu wote wale huvuta hewa pamoja. Machozi yalinitoka, wala sikuwa na huzuni yoyote. Mume wangu akaniambia, "Sasa umejua kwa nini chakula changu hupoa."

Tangu hapo ukawa ndio mchezo wetu. Kwenye vyuma chakavu vya mgodi wa dhahabu uliokuwa umefungwa alipata jozi ya pili, iliyowahi kutumiwa na karani wa simu wa mgodi, tukaanza kuzilinganisha. Jozi hii tuliiita za mgodi, ile nyingine za vita. Za vita zilikuwa na sauti kali, nyembamba. Msomaji wa habari ungeweza kumhesabia meno, lakini ngoma ilisikika kama mtu anagonga kopo. Za mgodi zilikuwa na sauti nene na tamu, ila maneno yaliyeyuka humo kama sukari kwenye chai. Sheria ilikuwa moja: asiyevaa hasemi kitu mpaka wimbo uishe, kisha tunabadilishana. Yeye alipenda unene, mimi nilipenda maneno, na hakuna siku tuliyokubaliana. Nilimwambia ana masikio ya fahali. Aliniambia mimi huolewa na maneno tu, ndiyo maana niliolewa na yeye.

Halafu akaanza kuzifungua, maana hilo lilikuwa halikwepeki. Kwa msumari wa moto alitoboa vitundu nyuma ya vikombe, eti ngoma ipate mahali pa kupumulia. Akaiba sufi kwenye mto wangu akaijaza ndani, kidogo leo, akaipunguza kesho. Akashona vipete vya ngozi laini ya mbuzi iliyopakwa samli, vikae kati ya kikombe na sikio, na ule utepe wa chuma akauviringishia mpira wa tyubu ya baiskeli. Kila badiliko liliufanya wimbo uleule kuwa mwingine. Siku alipoweka vile vipete, kelele zote za soko zilikatika, nikasikia vidole vya mpiga gita vikiteleza juu ya waya kabla ya kulipiga. Nilishikwa na woga kidogo, niseme kweli. Nilijiuliza ni mangapi mengine yalikuwa yakipita mbele yangu kila siku bila mimi kuyasikia.

Nilipojiuliza hivyo nilimkumbuka mama yangu.

Mama alikuwa mtu wa sikio. Kanisani kwetu ziwani yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na akiisha kuzianzisha huwaachia sauti ya kwanza wenye haraka, yeye akashuka kwenye sauti ya pili na kuwabeba wote kutoka chini. Mwanamke aliyekosea aliguswa bega, basi, hakuaibishwa. Lakini masikio yake yalikuwa yakitoa usaha tangu utotoni, na alipoanza kuzeeka yakaziba. Kwanza alikosa maneno ya mahubiri, jambo ambalo alisema halikumsumbua sana. Kisha Jumapili moja alianzisha wimbo mahali pake na waimbaji wakawa mahali pengine, na yeye hakujua mpaka alipoona nyuso. Alikaa chini. Hakuimba tena kanisani, wala jikoni, wala shambani. Nilipokwenda kumwona nilikuta nyumba ambayo tangu zamani ilikuwa na mtu anayevumavuma ndani yake imenyamaza, nikaumia kuliko nilivyoumia kwenye msiba. Nilitaka jambo moja tu: mama aimbe tena.

Nilipomweleza mume wangu alisimama hapohapo akaanza kukusanya vipande vya redio zilizokufa ili amuundie yake. Hedifoni zilikuwepo. Kilichokuwa kigumu ni ukwe.

Wakuria na Wajaluo waliweza kubishania mpaka, ng'ombe na mengine mengi, lakini juu ya mama mkwe walikuwa kitu kimoja. Mkwe hakai naye chumba kimoja. Wakikutana njiani mmoja hupisha, na salamu hupitia kwa mtu wa tatu. Basi huyu fundi wangu, ambaye hakuweza kutengeneza hedifoni bila kumtazama mvaaji, alitakiwa kumtengenezea mtu asiyeruhusiwa kumtazama. Alinipa uzi nikapime kichwa cha mama. Mama aliuona ule uzi akarudi nyuma.

"Kichwa changu kiende Migori kikashikwe na mkwe?" aliniuliza. "Nyathina, mwanangu, umerukwa na akili?"

Tukapima changu.

Tulipeleka za vita kwanza, bila vipete, ngumu na kali, kwa sababu nilidhani sauti kali itapenya. Tulipanda basi hadi Rongo, tukapanda jingine hadi Homa Bay, tukatembea mpaka nyumbani. Mume wangu alibaki kwenye nyumba ya kaka yangu, ng'ambo ya uwanja, mimi nikaingia kwa mama na redio. Nilimvalisha, nikawasha, nikamtazama. Alikaa wima, mikono mapajani, kama mtu anayepigwa picha. Kisha akazivua taratibu.

"Ni nzuri sana," alisema. "Mwambie mkwe, ero kamano."

Nilivuka uwanja na shukrani hiyo. Mume wangu aliuliza, "Ngoma anaisikia? Maneno je?" Nikavuka tena kuuliza. Mama akasema yote ni mazuri. Tulimwachia redio na hedifoni, tukarudi Migori na furaha. Lakini ziara iliyofuata nyumba ilikuwa kimya kama nilivyoiacha.

Basi mume wangu akaamini kwamba zile zinamuumiza. Akampelekea za mgodi zenye vipete vya mbuzi. "Ni nzuri sana, ero kamano." Akazirudisha jozi zote mbili Migori, akaongeza sufi, akafanya vipete vinene zaidi, laini kama shavu la mtoto. Safari hiyo akampelekea za vita zikiwa na vipete hivyo. "Nzuri kupita zile." Kila mara nilipovuka uwanja nilibeba sifa, na kila mara kabla ya kuzipeleka tulizijaribu wenyewe tukakubali kwamba kweli, zimezidi kuwa nzuri. Hatukuwa tumewahi kukubaliana hivyo katika ndoa yetu. Na mama hakuimba. Mume wangu alianza kusema labda wimbo wenyewe umemtoka, na mimi nilimkasirikia sana kwa kulitamka jambo nililokuwa naliogopa.

Nilikwenda peke yangu baadaye, bila kutoa habari. Nilipoinama mlangoni jambo la kwanza nililoona ni vile vipete vya mbuzi, vimewekwa sakafuni na kibuyu cha maziwa kimekalishwa juu yake kisipinduke. La pili nililoona ni mama. Alikuwa anachambua maharagwe, zile za vita kichwani, bila ile ngozi. Lakini hakuzivaa masikioni. Vikombe vilikuwa nyuma ya masikio, juu ya mfupa uliotokeza pale, na alikuwa amefunga leso juu yake kwa nguvu ili vibane. Kichwa chake kilikuwa kinatikisika polepole.

Niliinama mbele yake aone mdomo wangu. "Mama, mbona umezivaa hivyo?"

Alishtuka kama mtu aliyefumaniwa. Halafu akanieleza, kwa sauti ya juu ya watu wasiojisikia. Jirani alikuja kuomba moto, naye akazisukuma nyuma ili ajaribu kumsikiliza. "Jirani sikumsikia," alisema. "Redio ndiyo niliyoisikia."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilisikia kama inzi kwenye chupa. Na zile laini, hata inzi hayumo."

"Lakini ulisema zote ni nzuri."

Mama alinitazama kwa huruma, jinsi unavyomtazama mtoto aliyekulia mjini. "Mkwe amekuletea kitu kwa mikono yake miwili, wewe utakitia kasoro? Nani amefanya hivyo? Na hivi ninavyozivaa ningemwambiaje, kwamba nimemharibia kazi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikaona si la kucheka. Hata sasa sauti zilimfikia kwa mbali tu. Kwaya aliijua kuwa ni kwaya, lakini sauti ya kwanza na ya pili hakuweza kuzitenganisha, na mtu kama yeye haimbi mahali asipopaona. Nilimwomba ruhusa nimwambie mkwe ukweli. Akasema nimwambie kwamba kazi yake ni nzuri ila kichwa chake yeye ndicho kibaya.

Nilimwambia mume wangu hivyohivyo. Nilitegemea atanuna. Badala yake alichukua za mgodi, akazipeleka nyuma ya masikio yake, akajiziba masikio kwa vidole, akasimama katikati ya chumba macho yamemtoka. Kisha akanivalisha mimi. Nilijiziba masikio, na muziki ukaja kutoka mahali ambapo sina mlango. Ulikuja kwenye mataya, kwenye meno, kwenye paji la uso. Nilikuwa nasikia kwa mifupa. Miaka yote ile nilikuwa nimetembea na kichwa hiki, nikikibebesha maji na kuni, na sikujua kinaweza.

"Nilikuwa namziba," mume wangu alisema. "Kila mto mzuri niliomshonea, nilikuwa namziba."

Alivunja kila alichokuwa amekijenga. Alitoa sufi, akatoa ngozi, akaondoa mfuniko wa kikombe hadi kwenye lile bati jembamba ambalo ndilo hutetema. Juu ya bati akagandisha kifungo alichokichonga kutoka pembe ya ng'ombe, laini, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, ili kifungo kikae kwenye mfupa na bati liseme nao moja kwa moja. Utepe akaukunja ubane nyuma ya kichwa. Tulipozivaa masikioni kwa kawaida zilikuwa takataka. Hakuna mtu angezilinganisha na chochote. Safari hii hakuniuliza mimi nasikiaje. Tulipofika kwetu alinituma kwa mama na swali moja: zinabana kwenye mfupa au zinacheza? Mama akajibu kwamba ya kushoto inacheza. Niliposikia jibu hilo nilivuka uwanja mbio, mke wa mtu, vikuku vinalia, maana ilikuwa mara ya kwanza mama amemkosoa mkwe. Mume wangu aliikunja ya kushoto akitabasamu peke yake.

Ilikuwa Jumapili alasiri, saa ya kwaya redioni. Mume wangu alikuwa kwa kaka yangu, mlango wazi, mgongo ameupa nyumba ya mama kama adabu inavyotaka. Mimi nilikaa kizingitini kwa mama. Yeye alikuwa kwenye kigoda, hedifoni zimebana nyuma ya masikio, anatazama ukuta. Redio haikutoa sauti yoyote nje. Yote ilikuwa ikienda kwake. Tulisikia kuku tu, na upepo kutoka ziwani.

Kisha alivuta pumzi, na akaimba.

Aliimba sauti ya pili. Sauti yake ilikuwa imekwaruza, kubwa kuliko nyumba, lakini ilikuwa mahali pake. Hata mimi nilijua iko mahali pake. Wifi yangu aliacha kuosha vyombo. Wanawake waliokuwa wakipita na ndoo walisimama kwenye ua. Ng'ambo ya uwanja nilimwona mume wangu ameinuka, bado hajageuka, kichwa amekiinamisha. Hakuwahi kusikia sauti ya mama mkwe wake, ila ile salamu ndogo ya kupitia kwa watu. Sote tulikuwa tukisikia nusu ya wimbo, ile ya chini, inayobeba, na juu yake hapakuwa na kitu.

Katikati ya ubeti mama alinyamaza. Nilidhani betri imekwisha. Lakini mkono wake ulikuwa umeinuliwa kidogo, kama alivyokuwa akiuinua kanisani, akiwaachia wa sauti ya kwanza wapite peke yao. Alikuwa anawasikia. Wale wanawake uani waliujua mkono ule, wala hakuna aliyetikisa ndoo. Tulisimama wote kimya kwenye jua, tukisubiri watu tusiowasikia wamalize zamu yao, mpaka mama aliposhusha mkono na kuingia tena.