Nyungu Yenye Tulizika mu Depo

Siku moja nilizamisha chakula ya mama yako, mwanangu, na mpaka leo nikiikumbuka roho inaniuma.

Weka ile kikopo chini, ukae kwanza. Tangu asubuhi niko nakuangalia: unamwaga mayi mu masanduku yako ya mboga hapa salon, mu chumba ya wageni, unanuna, unasema kulima mu nyumba ni kazi ya bapumbavu. Aka! Basi hata miye nilikuwa mupumbavu, na upumbavu ile ndiyo ilikuletea mama.

Ilikuwa wakati ya vita, hapa hapa Butembo. Nilikuwa naishi kwa mama mukwe wangu, na nilikuwa nimezaa mara moja tu, mama yako Masika. Babu yako alikuwa anapanda lori kwenda Kasindi kutafuta bidhaa, na barabara ikifungwa anakaa huko majuma mbili, tatu. Mashamba yetu ilikuwa upande ya Mbau, lakini hakuna mutu alikuwa anatia tena muguu kule. Basoda, ba askari benye bunduki, balikuwa bengi, na bengine hatukujua hata ni ba nani. Depo ya babu yako, stoo ya bidhaa yake nyuma ya nyumba, balikuwa bameiiba yote. Balituachia ufagio tu, nazani kwa sababu hakuna moja wao alijua kufagia.

Ile depo ilikuwa na malata, mabati ya plastiki, juu, yenye kupitisha mwangaza. Mama mukwe akaangalia juu, akaangalia chini, akasema: “Hapa tutalima.” Nikasema mu roho, vita imemuharibu mama wa watu kichwa.

Tuligongomea mbao, tukapata masanduku mbili. Ndani tulitandika bâche, turubai ya plastiki, mayi isiozeshe mbao. Tukatia majani ya mugomba yenye kuoza, makapi ya kahawa, mavi ya sungura, na udongo mweusi ya mu kigomba, shamba ya ndizi, pamoja na minyoo yake. Mama mukwe alikuwa anasema na ile udongo sawa vile anasema na mutu. “Iko hai,” aliniambia. “Inakula, inakunywa, inapumua.” Tukapanda lengalenga, ile muchicha.

Mama yako alikuwa na miaka mbili. Miguu yake ilianza kuvimba, nywele ikageuka nyekundu, akaacha kucheka. Infirmier, muuguzi wetu, alituambia: majani ya mboga kila siku, na maharagi mukipata, bila vile mutoto ataenda. Na ku soko mboga ilikuwa inakuja siku moja, siku tatu hakuna. Basi ile lengalenga ya depo ilikuwa uzima ya mama yako. Nilijua vile. Sitakudanganya kama sikujua.

Sasa, mayi. Chemchem ilikuwa chini kabisa ya kilima. Unashuka na bidon, dumu ya mayi, unapanda nayo ku mugongo, kamba ku kipaji ya uso, jasho mu macho. Na ku njia basoda balikuwa banakaa, banaita banamuke. Siku moja, moja wao alinikamata mukono, akacheka, kisha akaniachilia. Sikumwambia mutu. Kwetu, mayi ya nyumba ni kazi ya muke wa kijana. Ukianza kumwambia mama mukwe “nimechoka” ao “naogopa”, batauliza kama kwenu balikulea namna gani. Basi nikafunga kinywa.

Nikatafuta akili yangu mwenyewe. Nikasema: nikiendelea kunywesha hii mboga kidogo kidogo, nitashuka kila siku. Afazali inywe mara moja, ishibe juma muzima! Siku ya posho, ile jumamosi, banamuke bengi banashuka pamoja kufua, na pale hakuna musoda wa kuwashika. Nikashuka nao mara ine, nikamwaga bidon mbili mbili mu kila sanduku. Udongo ikameta. Nikajisifu, mwanangu! Nikaimba hata.

Mu shamba mayi ikizidi inajiendea. Mu sanduku yenye bâche chini, itaenda wapi? Siku ya tatu depo ilikuwa inanuka sawa muhogo wenye balisahau mu mayi. Minyoo ilikuwa imekufa ku mbao, lengalenga imelala, yote manjano. Na miye, kwa kuona haya, nikafunga mulango, nikasema mboga bado haijakomaa. Siku mbili mama yako alikula bugali na chumvi juu ya ile haya yangu. Ndiyo yenye inaniuma, hapana mboga.

Mama mukwe alifungua mulango mwenyewe. Hakupiga kelele, na ingekuwa afazali apige. Alipiga magoti, akakamata mukono wangu, akauingiza mu ile matope.

“Unasikia nini?”

“Baridi, mama.”

“Inapumua?”

“Hapana.”

“Weye hapana mupumbavu, Kavira. Juu ya nini ulifanya hivi?”

Pale nikalia. Nikamwambia yote, njia, kilima, hata ule mukono wa musoda. Akasema: “Mboga nitapanda ingine. Muke wa mutoto wangu, nitamupanda wapi?” Akanikumbatia vile vile na matope yetu yote.

Kesho yake alichoma musumari mu moto, akatoboa bâche na mbao ya chini, tukainua masanduku juu ya matofali. Tulitoa yenye kuoza, tukachanganya makapi ya kukauka na udongo mupya yenye minyoo. Kisha akaleta nyungu yake ya kasiksi, ile pombe ya ndizi. Ile nyungu mama yake alimupatia siku ya ndoa, hata sahani hakuwa anaruhusu mutu aweke juu yake. Akaisugua na muchanga mpaka tumbo ikatakata, akaizika mu sanduku, shingo tu inje. Nyungu ya jirani ikaenda mu sanduku ya pili. Tukazijaza mayi, tukafunika. Nyungu ya udongo inatoka jasho polepole, na udongo inakunywa yenye inataka, haizidishe. Juu tukatandaza majani ya kukauka. Bidon moja ilikuwa inakaribia kumaliza juma! Nikawa nashuka siku ya posho tu, na mama mukwe pembeni yangu na fimbo. Musoda gani angemusogelea yule mama?

Mpaka lengalenga ikomae tena, alizunguka kwa bajirani, anaomba konzi ya majani, bila haya hata kidogo. Siku mama yako alicheka tena, jani ilikuwa imemushika mu meno.

Basi sikia, mwanangu. Toboa sanduku yako chini. Zika nyungu, na kama haiko, jaza chupa mayi, utie kitambaa mu shingo, uigeuze mu udongo. Funika udongo na majani. Ingiza kidole kabla ya kumwaga. Ukisikia baridi, uache, iko inakunywa bado. Kazi ikikuchosha, ile hapana uvivu. Tafuta njia yenye kuirahisisha. Lakini usiitafute peke yako mu woga, sawa miye. Sema. Kama ningesema neno moja tu, mama yako hangekula chumvi.

Mungu abariki mikono yako na yote yenye inapanda. Akupatie nyumba yenye unaweza kusema “naogopa” mu sauti kubwa, na mutu wa kukujibu: kuja hapa.