Barafu ya Tangawizi ya Aziza

Aziza alizaliwa Jeannette, binti wa wakulima Wakatoliki wa upande wa Kibombo. Jina la Aziza alilipata siku aliposilimu na kuolewa na Asumani, karani wa reli pale Kindu, ambaye ukoo wake ulijihesabu miongoni mwa waungwana wa zamani. Kwa miaka kumi na miwili alisali, akafunga, akazaa watoto wanne, na bado kila Maulidi mama mkwe wake, Bi Mwavita, alimpangia kazi ileile ya kuchota maji. Chakula cha Maulidi kilipikwa na mikono iliyojulikana ilikotoka. Jambo hilo lilimchoma Aziza, ingawa hakuna aliyemsikia akilisema.

Kisha serikali ikagawa maduka ya wageni kwa wananchi, Mreno mmoja akafungasha virago, na Asumani akamnunulia mkewe friji kubwa ya huyo Mreno, ile ya mafuta ya taa inayopoza kwa moto. Aziza akaanza kutengeneza barafu ya maziwa ya unga na sukari.

Haikuwa na maajabu. Kabla ya kuganda ilikuwa tamu. Ikishaganda utamu ulipotea, maana ulimi uliopoa hauonji vizuri. Akaona kwamba kitu cha baridi kinataka kiungo kikali kupita kiasi, akajaribu tangawizi. Alipoikamua mbichi, maziwa yalikatika. Alipoichemsha, maji yake yaligeuka vipande vya barafu na watoto wakatafuna kama wanaotafuna changarawe. Mwishowe akamwendea Albertine, mwenzake wa kijiji kimoja aliyekaa mtaa wa Mikelenge na aliyejulikana kwa kuloweka mizizi ya dawa, akamwomba aitoe tangawizi nguvu yake yote.

Baada ya siku tisa Albertine akampa chupa kadhaa. Aziza hakuuliza tangawizi imelowekwa kwenye nini. Ilimwasha pua, na tangawizi huwasha, basi.

Barafu iliyotoka humo ilikuwa kitu kingine kabisa. Kijiko kilizama bila kusukumwa, ulimini ilikuwa laini, na mwasho wake ulikaa kooni muda mrefu. Mwalimu Waziri, mkuu wa chuo cha Kurani, alikula sahani tatu, akawaambia wanawake wa ukoo waziwazi kwamba mwaka huu wageni wa Maulidi kutoka Kasongo watakula barafu ya Aziza. Aziza alirudi nyumbani akacheka peke yake jikoni kama mwendawazimu.

Siku tatu kabla ya Maulidi, akitaka kuwakomesha wasemaji, alimimina chupa mbili badala ya moja. Asubuhi mchanganyiko ulikuwa uji. Akaongeza moto wa friji, na jioni bado ulikuwa uji. Kulipokucha akaenda Mikelenge mbiombio.

“Tangawizi yako inakataa kuganda,” alilalamika.

Albertine akaangua kicheko. “Mama, njo vile iko. Lutuku haigande, hata uiache mwezi muzima.”

“Lutuku?”

“Sasa ulizani nguvu ya tangawizi inatoka na nini? Na maji?”

Lutuku ni pombe kali ya mihogo na mahindi, na hakuna nyumba ya Kiislamu pale Kindu ambayo ingekubali hata harufu yake. Albertine hakuwa na kosa. Aliombwa nguvu, akatoa nguvu.

Aziza alirudi polepole. Akisema, hakuna atakayesema alikosea bila kujua. Watasema wanajua alikotoka, na mwalimu hatainua tena uso msikitini. Akinyamaza, itabidi apeleke barafu mbaya na kupoteza nafasi aliyoingoja miaka yote ile. Kuwapa lutuku tena hakukufikiria hata kidogo. Akaomba toba, akamwaga ndoo nzima shimoni, akachemsha tangawizi kwa maji, akaigandisha. Kwa ninavyoona mimi, mwalimu hakuwahi kupata muumini aliyemheshimu zaidi.

Usiku wa Maulidi sahani zikapita kwenye uwanja wa msikiti. Mwalimu Waziri akaonja, na meno yake yakasikika.

“Binti yangu, hii si ile. Ile ingine iko wapi?”

“Mwalimu,” Aziza alisema, “nimesahau namna nilikuwa naifanya.”

Bi Mwavita akawageukia wenzake. “Mulisema mumupe nafasi. Njo hii nafasi yenyewe.”

Wanawake wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alimhurumia, mzee wa watu, akainua mikono palepale mbele ya wageni, akamwomba Mwenyezi Mungu amrudishie Aziza ujuzi wake, ili mwakani wote waile tena barafu yake ile.

Msikiti mzima ukaitikia amina. Aziza peke yake alifunga mdomo, na Bi Mwavita, aliyekuwa akimtazama, aliona kwamba hakuitikia.