Mfalme Mwenye Binti Mmoja

Mama mkwe wangu alitoka Bujumbura na jambo moja tu moyoni: kumwozesha mwanawe mke wa pili. Mimi nilijaliwa binti mmoja, madaktari wakaniambia basi. Tangu binti huyo azaliwe, mama mkwe hakuwahi kuniita Mama Fulani, kama wazazi wote wanavyoitwa kwetu. Aliniita "wewe bibi harusi". Heshima hiyo alikuwa akimtunzia mvulana. Na mume wangu? Ametulia kama maji mtungini.

Jumapili moja, nyumbani kwetu Saint-Josse huku ughaibuni, nimeinjika maharage, mume wangu yuko kwenye kochi, televisheni ikamwonyesha mfalme wa Japani. Amesimama nyuma ya kioo na mkewe, wanawapungia watu mkono, na pembeni yao msichana. Mtangazaji akasema kwa Kifaransa kwamba ndiye mtoto wao pekee. Wacha wee! Mwiko ulinitoka mkononi.

"Mama, njoo uone! Mfalme mzima, mtoto mmoja, tena wa kike!"

Akaja, akavaa miwani. "Alors, ufalme ataurithi nani?"

Kumbe nilishangilia kabla ya kumsikiliza mtangazaji mpaka mwisho. "Mdogo wake mfalme," nikasema. "Halafu mtoto wa kiume wa huyo mdogo wake. Sheria yao haimruhusu mwanamke."

"Umeona!" Akapiga makofi. "Hata huko wanajua!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini yeye hakuondoka. Alikuwa akimtazama yule mke wa mfalme. "Na huyu hakuletewa mwenzake?"

"Hakuletewa. Wanasema aliugua kwa maneno ya watu, na mumewe akasimama mbele ya nchi nzima akamtetea."

Mama mkwe akageuka kumtazama mwanawe pale kwenye kochi. Nami nikageuka. Sema, baba, nikaomba kimoyomoyo, leo sema!

Mume wangu akazima televisheni. "Mama, mimi nimeshaoa. Na kwetu hakuna kiti cha enzi. Kuna duka la vitenge, na binti yangu atalirithi."

Lo! Nilitaka kupiga vigelegele pale pale, nikajiuma mdomo. Mama mkwe alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena. Kisha akanusa hewa.

"Mama..." akaanza, na jina lililofuata lilikuwa la binti yangu. "Maharage yako yanaungua!"

Nikayaacha yaungue.